Kompyuta ya mezani kwa katuni za 3D na video za harusi: fedha nyingi ziende kwenye kadi ya picha au kwenye prosesa?

Mchorakatuni wa Mwanza

Habari zenu wakuu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ninatengeneza katuni fupi za watoto kwa programu ya 3D ya Blender, lakini riziki yangu hasa inatoka kwenye video za harusi, ambazo wenzangu hupiga kwa kamera ya Sony A7 IV na mimi kuzihariri kwa programu ya Premiere. Laptop niliyo nayo ina RAM ya GB 8, na nikipanga vipande viwili vya 4K kimoja juu ya kingine, picha inakwama huku sauti ikiendelea mbele. Bajeti yangu ni shilingi 4,000,000, na monita ninayo. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishawishi nichukue kompyuta ya HP Z440 ya mtumba yenye prosesa ya Xeon na RAM ya GB 64, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo mashine ya studio. Mwingine anasema nichukue mpya yenye prosesa ya Core i5 na kadi ya picha ya RTX 4060. Nani nimsikilize?

FundiKesi

Mkuu, una kazi mbili, na kila moja inachosha sehemu yake ya kompyuta, kwa hiyo wauzaji hao wawili wanaweza kuwa wakweli wote na bado ukanunua kisichokufaa.

Tuanze na katuni. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde ina fremu 1,440 katika kila dakika. Fremu moja ikichukua dakika 2 kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa hadi iwe picha kamili, dakika moja ya katuni itakula saa 48, usiku na mchana. Ukipata kadi inayomaliza fremu hiyohiyo kwa sekunde 20, saa 48 zinakuwa 8, yaani unaiacha ifanye kazi usiku na asubuhi unakuta imekwisha. Hakuna prosesa ya bajeti yako itakayokupa tofauti ya namna hiyo, kwa sababu Cycles, injini ya kurenda iliyomo Blender, hugawa hesabu za mwanga katika vipande vidogo vingi sana, na kadi ya picha imeundwa kwa kazi hiyo. Kwa Blender ningechagua kadi ya NVIDIA, kama hizo za RTX, maana njia yake ya OptiX inatumia sehemu za kadi zilizotengenezwa mahususi kwa kufuatilia miale ya mwanga.

Sasa angalia kumbukumbu ya kadi kabla ya kuangalia mwaka wake. RTX 4060 ilitoka mwaka 2023 na ina GB 8. RTX 3060 ilitoka mwaka 2021, ina kasi ndogo zaidi, lakini ipo ya GB 12. Mandhari yenye miti, nywele na picha nzito za ngozi na vitambaa ikizidi kumbukumbu ya kadi, programu hukopa RAM ya kawaida na kasi kuporomoka, au hukataa kabisa kurenda. Kwa mtu wa 3D mimi ningechukua 3060 ya GB 12 bila kusita. Soma boksi vizuri, kwa kuwa ipo pia ya GB 8 yenye jina lilelile.

Upande wa video, tatizo lako ni namna kamera ilivyobana picha. A7 IV inaweza kurekodi kwa H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10 katika mfumo wa 4:2:2, unaohifadhi rangi nyingi zaidi, na kadi za NVIDIA kabla ya kizazi cha RTX 50 haziwezi kuufungua mfumo huo zenyewe. Kinachoufungua kwa wepesi ni sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11. Kwa hiyo chukua Core i5-12400, usichukue 12400F, hata kama bei yake inavutia: herufi hiyo F maana yake sehemu ya picha haimo. Weka RAM ya GB 32 na SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi kubwa, na kazi zilizokwisha uzihifadhi kwenye hard disk ya kawaida.

BinJuma_Tanga

Ninaheshimu maelezo ya FundiKesi, ila Z440 isitupwe haraka hivyo. Ina nafasi nane za RAM, bodi imara, na pawa saplai ya wati 700 inayotosha kuibeba 3060. Anayefanya katuni tu, hasa anayeiga maji na moshi, kazi ambayo hula RAM kwa wingi, atapata thamani ya fedha yake. Mimi kwa katuni peke yake ningeinunua.

Kwa harusi, hapana. Xeon za mashine hiyo hazina sehemu ya picha, kwa hiyo faili za A7 IV zitafunguliwa kwa nguvu ya prosesa peke yake, na utalazimika kila mara kutengeneza nakala nyepesi za video kabla ya kuanza kuhariri. Tena prosesa hizo hazimo katika orodha ya Microsoft ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Pawa saplai yake nayo si ya umbo la kawaida. Ikiungua, duka la jirani halitakuwa na mbadala wake.

Mhariri wa Kinondoni

Mbona hakuna aliyetaja kompyuta ya Apple, Mac mini yenye prosesa ya M4? Ilitoka mwaka 2024 ikiwa na kumbukumbu ya GB 16, inafungua video za 4:2:2 kwa ulaini, haina kelele na inatumia umeme mdogo sana. Kwa harusi peke yake ningeishia hapo.

FundiKesi

Kwa harusi peke yake ninakubaliana nawe. Lakini mwenzetu anarenda 3D, na huko M4 ya kawaida iko nyuma ya 3060. Vilevile kumbukumbu yake haiongezwi baada ya kununua, na GB hizo 16 zinagawanywa kati ya prosesa na picha.

Jambo moja zaidi kwa mwenye swali: ukinunua kadi ya mtumba, usilipe kabla haijajaribiwa mbele yako. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, uone kama jina na kumbukumbu vinalingana na unachouziwa, kisha iache irende mandhari nzito kwa robo saa, ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji asiyetaka jaribio hilo, muage kwa heshima.

Mchorakatuni wa Mwanza

Ninashukuru sana. Nimeelekea kwenye i5-12400 na 3060 ya GB 12. Limebaki moja: huku kwetu umeme unaweza kukatika usiku wa manane. Je, UPS (betri ya akiba) ya VA 650 itaweza kubeba kazi ya saa 8?

FundiKesi

Hakuna UPS ndogo ya kubeba saa 8. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. VA (volti-ampea) nazo si wati: nyingi za VA 650 hutoa wati zisizofika 400, na kompyuta yako ikirenda pamoja na monita itausogelea mpaka huo, kwa hiyo tafuta ya VA 1000 au zaidi.

Kinga ya kweli iko ndani ya Blender. Usirende moja kwa moja kuwa faili ya video, kwa sababu umeme ukikatika katikati, faili hiyo inaweza isifunguke tena. Chagua PNG au OpenEXR ili kila fremu iwe picha yake, kisha ondoa alama kwenye kisanduku cha Overwrite. Umeme ukirudi, futa picha ya mwisho kwenye folda, maana huenda iliandikwa nusu, halafu bonyeza kurenda upya; programu itaziruka fremu zilizopo na kuendelea na zilizobaki. Ukizikamilisha, ziingize Premiere kama mfululizo wa picha na utoe video huko.