Aptama au kingamwili: kipi kifae kupima aflatoksini kwenye mahindi?

MwanaKisauni
Waungwana, salamu. Mradi wangu wa shahada ni kupima aflatoksini B1, sumu ya kuvu, kwenye mahindi ya soko la Kongowea, hapa Mombasa. Msimamizi ataka kingamwili, protini za mnyama zinazonasa sumu; mimi moyo uko kwa aptama, uzi mfupi wa DNA au RNA unaojikunja na kunasa vivyo hivyo. Mwaka huu umeme umekatika wikendi nzima mara mbili, kingamwili zetu zikaharibikia frijini. Mngechagua nini?

BintiMaabara
Pole, ndugu. Kwa joto letu hili, aptama ya DNA. Huja ikiwa unga mkavu, haidai barafu njiani. Ikipoteza umbo, ichemshe hadi nyuzijoto 95 kisha ipoze, itajikunja upya. Kingamwili ikishaharibika kwa joto ndiyo basi. Tena aflatoksini ni molekuli ndogo mno: mnyama hatoi kingamwili dhidi yake mpaka uibandike kwenye protini kubwa. Aptama huchaguliwa ndani ya neli, kati ya trilioni nyingi za nyuzi za DNA. Zinazonata hubakizwa, huzidishwa, huchujwa tena, duru baada ya duru. Njia hiyo, SELEX, ilitangazwa 1990.

FundiLikoni
Dada kasema kweli, ila tahadhari na bafa, yaani mmumunyo unaodhibiti uasidi. Aptama iliyochaguliwa penye magnesiamu, ukiitia kwenye maji ya mahindi yaliyojaa methanoli, ile ya kutolea sumu kwenye unga, yaweza isishike kitu. Mimi nilipoteza miezi miwili hivyo. Na usiagize ya RNA: vimeng'enya vinavyoikata viko hata kwenye vidole vyetu. Pegaptanib, dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani 2004, ni aptama ya RNA, na ilibidi nukleotidi zake, yaani vijenzi vya uzi wake, zibadilishwe kikemia ndipo idumu mwilini.

MzeeWaTudor
Mwanangu, msimamizi wako ana hoja. Kingamwili za aflatoksini zimejaribiwa miaka mingi, na vipimo vya ELISA, vinavyotumia kingamwili na kuonyesha jibu kwa rangi, vinafika chini ya kikomo chetu cha B1, maikrogramu 5 kwa kilo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 huko Ukambani na jirani zake. Jibu lako litasomwa na watu wanaokula ugali kila siku. Pima sampuli zilezile kwa njia zote mbili.

MwanaKisauni
Ahsante, mzee. ELISA itakuwa rejea, aptama nitaipima dhidi yake. FundiLikoni, methanoli uliiwezaje?

FundiLikoni
Niliizimua kwa bafa ileile ya uchaguzi, magnesiamu ikiwemo. Anza na mahindi unayojua ni safi, uyatie sumu ya kiasi unachokijua, uone kama aptama yaiona.