Breki ya mbele kushoto inalia ninapoachia pedali: je, ni lazima ninunue diski mpya?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa kutambua kelele za breki kwenye gari langu dogo la otomatiki, ambalo mbele lina diski na nyuma lina dramu.

Kelele ziko mbili, nazo hazifanani. Ya kwanza huisikia asubuhi ninapotoka nyumbani: mkwaruzo mzito kila nikikanyaga breki, ambao hutoweka kabla sijafika barabara kubwa. Ya pili ilianza baada ya safari ya Newala, ambapo nilirudi kwa kuzungukia Masasi. Hiyo ni mlio mwembamba na mkali unaotoka mbele kushoto gari likitembea taratibu. Nikikanyaga breki unanyamaza, nikiachia unarudi. Nimegundua pia kwamba rimu ya upande huo huwa na joto kuliko ya kulia.

Fundi wa mtaani alichungulia kupitia matundu ya rimu, akasema pedi, yaani vipande vinavyoibana diski, bado ni nene, kwa hiyo ninunue diski mbili mpya. Sijaridhika, maana diski si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Gari litafunguliwa nami nikiwepo. Ninachotaka kujua ni nitazame nini.

Fundi, Lindi Mjini

Ndugu, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi, ambao huja na neno moja tu, "inalia", na kutuachia sisi tukisie.

Mkwaruzo wa asubuhi usikusumbue. Diski ni chuma kitupu, uso wake haupakwi rangi wala mafuta, na kwa hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi, gari likilala nje linaamka na utando mwembamba wa kutu. Pedi zikiupangusa, kelele inakwisha. Ungekuwa na sababu ya wasiwasi kama mkwaruzo huo ungeendelea mchana kutwa.

Mlio wa pili ndio wa kushughulikia. Pedi nyingi huwa na kibati kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi ili kiguse diski pedi inapokaribia kwisha, na mara nyingi mlio wake hubadilika au hunyamaza pedi inapokandamizwa. Aliyekuambia pedi ni nene hakudanganya, ila aliona moja tu. Kila gurudumu lina pedi mbili, ya nje na ya ndani, na kwa kuchungulia rimu mtu huona ya nje peke yake. Ya ndani inaweza kuwa imekwisha kabisa huku ya nje ikionekana mpya.

Joto la upande mmoja linanifanya nishuku pini za kaliperi, kile kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski. Katika kaliperi ya aina iliyo kwenye magari madogo mengi, pistoni inayosukuma pedi iko upande wa ndani tu, na kaliperi nzima huteleza juu ya pini mbili ili ivute na pedi ya nje. Pini ikishika kutu, kaliperi hairudi inavyopaswa, na pedi ya ndani inaendelea kusugua hata ukiwa umeachia pedali. Kwa hiyo gurudumu likishatolewa na kaliperi kufunguliwa, zisukume pini kwa mkono: zinatakiwa kuteleza bila kugonga. Tazama pia kama mipira inayozifunika imepasuka. Halafu linganisha unene wa pedi zote nne za mbele. Iliyobaki na milimita 3 ibadilishwe.

Gari lisimame juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kaliperi nayo ifungwe kwa waya, isiachwe ining'inie kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Wala msipulizie vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto.

Dereva wa Masasi

Ninaheshimu maelezo ya fundi, lakini nisingeuacha mteremko wa Newala nje ya hesabu. Ukishuka kule gia ikiwa kwenye D na mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho, pedi hupata moto mkali, uso wake unakuwa mgumu na kung'aa, na baada ya hapo huanza kulia. Tofauti ni kwamba mlio wa namna hiyo husikika unapokanyaga, ilhali wako unasikika unapoachia. Kwa hiyo huenda mteremko umeongeza tu ubovu uliokuwepo. Safari nyingine weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya kazi.

Mvuvi wa Msimbati

Kwa sisi tunaoendesha kwenye mchanga, kitu cha kwanza kukagua ni bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Kokoto moja ikinasa hapo hutoa mlio wa kutisha, na mara nyingi hutoka ukirudi nyuma kidogo. Haligharimu kitu kulitazama.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Tumefungua leo. Kwenye bati hakukuwa na kokoto. Pedi ya nje ya kushoto ina takribani milimita 7, lakini ya ndani imelika kwa mshazari, upande mmoja umekwisha karibu kufika kwenye bati la mgongo wa pedi, na kile kibati cha tahadhari kimeshachora mstari unaong'aa kwenye diski. Pini ya chini haikusogea kwa mkono. Mpira wake umepasuka na ndani kuna kutu. Upande wa kulia pedi zote mbili zinalingana. Je, diski ibadilishwe?

Fundi, Lindi Mjini

Si kwa mstari huo peke yake. Pima unene wa diski sehemu kadhaa kwa mikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, ulinganishe na kiwango cha chini ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa haijafika hapo, haina ufa, na ukucha haukwami kwenye mfereji, irudishe. Pini na mipira yake inunuliwe mipya, ipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Pedi zibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kulia, hata kama za kulia bado zinafaa.

Mnaporudisha pistoni ndani, angalieni chupa ya mafuta ya breki isifurike, maana mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Mkimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, kwani mkanyago wa kwanza huzama hadi chini bila kushika chochote.