Wapangaji wapya mtaani: serikali ya mtaa ianzie wapi?

Mjumbe wa Pembezoni (Arusha)
Habari za jioni wakuu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ya 2022 ikakuta 617,631. Ukitaka kuliona ongezeko hilo kwa macho, njoo huku Muriet na Olasiti. Kuna vijana wa Longido na Monduli wanaotafuta kazi ya ulinzi, kuna familia kutoka Kondoa na Singida, na kina mama wanaochukua mboga soko la Kilombero na kuzitembeza. Wanapanga chumba, na mtaa unawajua siku wanapohitaji muhuri. Fedha za mtaa ni kama hazipo. Tufanye nini kumsaidia mgeni wiki zake za mwanzo, na halmashauri tuiombe nini?

Mtendaji, Moshi
Ndugu mjumbe, anzeni na daftari la wakazi, na mumfuate mwenye nyumba kabla ya mpangaji. Mgeni hajui hata ofisi yenu ilipo, lakini mwenye nyumba kashapokea kodi ya miezi mitatu au sita, anamjua. Kubalianeni kwenye mkutano wa mtaa kwamba kila mpangaji mpya aletwe ofisini ndani ya siku saba. Wajumbe wagawane nyumba kwa namba zile za anwani za makazi.

Safu za daftari: majina matatu, namba ya nyumba, simu, kijiji na wilaya alikotoka, watoto walio chini ya miaka mitano, wanafunzi na madarasa yao, na kama kuna mjamzito. Hizo tatu za mwisho msiziache. Bila hizo daftari linabaki la ulinzi tu, halimsaidii mgeni kwa lolote. Kabila na dini msiandike, havina kazi yoyote pale na vinawatia watu wasiwasi.

Ofisi ifunguliwe jioni moja kwa wiki, au Jumamosi asubuhi. Kibarua akipoteza siku kufuata barua ya utambulisho, nyumbani hawali. Na msipokee hata senti isiyo na risiti ya mashine. "Hela ya wino" ndiyo inayomfanya mtu akae mtaani miaka miwili bila kukanyaga ofisini.

Karani wa Fomu
Naongezea kwenye majina, maana mengi huharibikia hapo. Cheti cha ubatizo kinasema baba anaitwa Lemburis, cheti cha shule kinasema Lembris, na laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji. Mtendaji akigonga muhuri kwenye fomu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, bila kulinganisha, tofauti itaonekana mbele ya safari na fomu itasimama. Bila ile namba ya tarakimu 20 mtu hawezi kusajili laini kwa jina lake, na kufungua akaunti ya benki ni shida. Kaeni naye dakika kumi, karatasi zote mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Kama zinapishana, apate hati ya kiapo kwanza, fomu ifuate.

Mwingine hana karatasi hata moja. Kabla hajatafuta nauli ya kurudi kwao, mtendaji wenu ampigie mtendaji wa kijiji alikotoka, athibitishe na kutuma barua.

Wasio raia wana njia yao. Kibali cha ukaazi ni cha Uhamiaji, na barua ya mtaa haigeuki kuwa kibali. Mwelezeni mapema bila kumtisha.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Nizungumzie watoto. Uhamisho wa shule ya msingi unapita kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, kwa hiyo mzazi aje na namba ya PREM ya mtoto na jina kamili la shule aliyotoka. Kinachokwamisha ni kuhama kimyakimya: shule ya zamani inaendelea kumwandika mtoro, huku mpya haiwezi kumpokea kwenye mfumo. Walio darasa la nne na la saba washughulikieni kwanza, kwa sababu wana mitihani ya taifa na usajili una tarehe zake. Wakati karatasi zinafuatiliwa, ombeni kupitia afisa elimu kata mtoto akae darasani.

Mzazi aambiwe ukweli pia. Ada haipo, lakini sare na madaftari ni juu yake. Na siku ya kuandikisha awepo mtu anayejua Kimaasai. Mama asiyeelewa swali huitikia tu, na kinachoandikwa hakiwi sahihi.

Nesi wa Kliniki
Kadi za kliniki hupotea kwenye kuhama. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mkiwa na safu ya watoto wadogo, mpelekeeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii orodha kila mwezi. Halmashauri iombeni kliniki ya mkoba kwenye mitaa iliyo mbali na zahanati.

Mtendaji, Moshi
Iombeni pia afisa maendeleo ya jamii wa kata aje mtaani aeleze mikopo ya asilimia 10: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mgeni ajiunge na kikundi kinachofanya kazi tayari. Vikundi vinavyoundwa haraka kwa ajili ya mkopo huvunjika kwenye marejesho, na waliobaki hubeba deni.

Mjumbe wa Pembezoni (Arusha)
Asanteni sana. Na mwenye nyumba akikataa kuleta wapangaji?

Mtendaji, Moshi
Mara nyingi anaogopa kodi ya mapato, anadhani daftari linakwenda TRA. Msiweke safu ya kiasi cha pango, na mumwonyeshe ukurasa wenyewe mkutanoni aone kwamba haipo.