Mliokuwa vyuoni kipindi cha korona, tupeane uzoefu: bado kuna kitu kinakushtua?

Mtoto wa Tandahimba: Wakuu, jana jirani alikuwa anapulizia dawa ya salfa mikorosho yake, kavaa barakoa, akakohoa mara mbili tu. Mimi huyo ndani, mlango nimefunga, moyo unakimbia na mikono inatetemeka. Nilikuwa mwaka wa pili Dar Machi 2020, Majaliwa wetu wa Ruangwa, waziri mkuu wa kipindi kile, alipotangaza vyuo vifungwe. Basi la kuja kusini lilijaa, mtu akikohoa Nangurukuru basi zima linageuka kumwangalia. Miaka yote hii imepita, kwanini mwili bado? Kuna mwenzangu?

Binti Shangani: Nipo. Mimi ni harufu ya kitakasa mikono.

Mmwera Original: Ngoja niseme maana sijawahi kumwambia mtu. Vyuo vilishafunguliwa Juni 2020, tukajua yameisha, bumu (hela ya mkopo wa chuo) limeingia, maisha yanaendelea. Februari 2021 napigiwa simu mama anaumwa, wanasema changamoto ya upumuaji, ndo korona ilivyoitwa kipindi kile. Nikaacha vipindi nikaja kumuuguza, hospitali siitaji. Mtungi wa oksijeni mmoja, wagonjwa wawili, wanapokezana, yule wa pili ni baba wa mtu na binti yake amekaa pale kama mimi, tunaangaliana hatusemi. Ikawa zamu ya yule baba, mama akaanza kuhangaika, nikakimbia kumtafuta nesi, narudi wameshamfunika. Mtungi wenyewe waliuburuta kwenye sakafu ya saruji, na mpaka leo nikisikia mtu anaburuta mtungi wa gesi nyumbani nakuwa nipo pale pale wodini. Kwenye mtihani wa mwisho wa semesta wakaburuta meza, nikatoka nje bila kusaini.

Binti Shangani: Yaa Rabi. Pole sana dada angu.

Kaka wa Masasi: Pole dada. Ila tusikuze mambo, wengine ilikuwa nimonia ya kawaida, sisi tulijifukiza nyungu tukapona.

Mtoto wa Tandahimba: Mtu anasimulia mama yake unaleta nyungu?? Heshimu msiba.

Kaka wa Masasi: Nimeanza na pole, soma vizuri. Nami nilimzika mjomba.

Mzee wa Mikindani: Wanangu acheni. Binti asomewe kisomo, halafu ale pweza alale.

Binti Shangani: Babu pweza tena 😀 Mie nilisaidiwa na kutembea ufukweni alfajiri. Ila mwenzangu mmoja alitembea wee, wapi.

Nesi Lindi: Kisomo sikatai, mfanye. Ila Mmwera, ndoto, kushtuka, kukwepa vinavyokukumbusha, vikizidi mwezi na maisha yanakwama, hicho ni kiwewe. Sio uchizi wala imani ndogo. Kinatibika kwa kuongea na mtu aliyesomea, taratibu, mpaka sauti ile ibaki kuwa sauti tu. Msinunue vidonge vya usingizi dukani, na pombe ndo kabisa, usiku mmoja unalala, wa pili ndoto zinarudi na nguvu.

Mmwera Original: Kumbe kina jina. Nilijua nimerogwa au sikumlilia mama vya kutosha. Bima sina lakini.

Nesi Lindi: Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kama uko Mtwara, Sokoine kama uko Lindi, ulizia watu wa afya ya akili. Hela ikikwama pitia ustawi wa jamii pale pale uwaeleze hali yako. Tandahimba na wewe nenda, msimu wa salfa bado mrefu.

Kaka wa Masasi: Nesi, na mtu mzima wa miaka arobaini anapokelewa? Naulizia ndugu yangu.

Nesi Lindi: Anapokelewa kaka. Mje wote.