Tupeane uzoefu: gari jipya au injini iliyotoka ovaholi (kufunguliwa na kufungwa upya), uliizoeshaje?

Resi Taratibu
Wakuu salaam. Gari langu jipya limefika, kitabu chake nimekisoma, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma. Kitabu kinasema kilomita 1,000 za mwanzo nisikanyage resi ghafla, nisiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, nisivute tela mpaka nipite 800. Aliyeniuzia akacheka: "Hayo ya zamani, injini za sasa zinatoka kiwandani zimeshazoeshwa, wewe kanyaga." Fundi wangu naye anasema nisipite 60 kwa saa mpaka oili ya kwanza imwagwe. Watu watatu, dini tatu. Nani alizoesha injini yake vipi, na leo ina hali gani? Nataka yenu wenyewe, siyo ya kunakili.

Mzee wa Gia
Umenikumbusha mbali sana. Gari la marehemu baba lilipotoka ovaholi alibandika karatasi kioo cha nyuma: INJINI INAZOESHWA, NIPITE. Uingereza miaka ya 1950 vibandiko vya namna hiyo vilikuwa vya kawaida kabisa. Mashine za wakati ule hazikukata chuma kwa usahihi wa leo, kwa hiyo vyuma vilimalizana vyenyewe barabarani. Mzee alikuwa na hasira za karibu, lakini wiki zile alipitwa hata na baiskeli na akanyamaza.

Dereva wa Usiku
Hata baiskeli! 😂 Ila hizo karatasi na mimi nilizikuta.

Kipimajoto
Mleta mada, muuzaji wako ana nusu ya ukweli. Injini nyingi siku hizi hupimwa kiwandani kabla hazijatoka, na zinachongwa vizuri mno kuliko zile za mzee wetu hapo juu. Lakini ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, bado hazijakaa sawasawa na ukuta wa silinda. Kuta za silinda husuguliwa makusudi zikabaki na mikwaruzo inayopishana, mfano wa meno ya tupa. Ringi zikipanda na kushuka zinakwangua ncha za meno hayo mpaka zikutane sawasawa na ukuta, na vijibonde vinavyobaki ndivyo vinavyoshika oili. Kazi hiyo inafanyika mapema. Ncha zikishalainika ringi ikiwa bado haijakaa, hakuna nafasi ya pili bila kufungua injini.

Langu nililipeleka hivi: nawasha, nafunga mkanda, naondoka polepole mpaka mshale wa joto utulie. Hapo natafuta barabara yenye vilima. Gia ya tatu, nakanyaga nusu, mizunguko ya injini ikifika 3,500 kwa dakika naachia mguu kabisa, gari linapunguza mwendo lenyewe kwenye gia, kisha narudia. Kruz kontroli sikuigusa. Hiyo ya kuachia mguu watu wanaidharau, ila ukiachia, silinda inavuta, oili kidogo inapanda kwenye ringi na kuondoka na unga wa chuma. Leo kutoka sevisi moja hadi nyingine alama kwenye kijiti cha oili karibu haisogei.

Oili Nyeusi
"Nawasha, nafunga mkanda, naondoka." Mkuu unaua injini mchana kweupe. Injini mpya inapashwa moto dakika kumi imesimama, ndipo unagusa gia.

Kipimajoto
Ikiwa imesimama inachelewa kupata moto, na wakati huo inapewa petroli nyingi. Isiyoungua inateremka ukutani inaosha oili. Ipashe kwa kutembea taratibu.

Oili Nyeusi
Nimeendesha malori wewe ukiwa kwenye kaptura.

Kipimajoto
Kwenye lori unasubiri upepo wa breki ujae. Hiyo ni habari nyingine, usituchanganyie.

Dereva wa Usiku
Nimevuta kiti.

Mama Klachi
Hapo kwenye injini kuunguruma imesimama naomba nipite kidogo, maana hata kuandika mkono unatetemeka.

Gari letu la kazi lilishushwa injini. Silinda zikapigwa boringi (kutanuliwa), pistoni mpya, ringi mpya. Aliyeifunga alikuwa fundi mwenye jina kubwa, tuliambiwa tusihangaike na mwingine. Siku ya kuiwasha akaiwasha asubuhi, akaiacha inaunguruma palepale mpaka jioni. Namuuliza, ananijibu, "Inajizoesha yenyewe mama, usiiguse." Kesho yake vilevile. Kisha akatoa amri: mwezi mzima msipite 50, msipakie mzigo, mkiona mlima zungukeni. Mume wangu alitii kila neno. Barabarani tulitukanwa na kila mwenye honi.

Mwezi ukaisha, nikaanza kuona kijiti cha oili kinakauka na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi akasema ni kawaida, injini mpya inakunywa. Sawa, kidogo inakunywa, lakini hii ilikuwa inaomba kila tukisimama kituo cha mafuta.

Sasa siku hiyo tunaenda msibani, gari limejaa watu. Kuna mteremko mrefu, mume wangu ameachia resi gari linashuka lenyewe. Tulipofika bondeni akakanyaga kuanza kupanda, na barabara ya nyuma ikapotea yote. Moshi wa bluu, mzito, hauoni gari linalokufuata. Aliyekuwa nyuma akapiga honi mfululizo, anadhani tunaungua. Mtu mmoja ndani akapiga kelele "Moto!" na hapo hakukuwa na mkubwa wala mdogo, walifungua milango gari halijasimama vizuri. Shangazi yangu aliacha kiatu kimoja barabarani, akafika msibani na ndala za kuazima. Hilo halijasahaulika kwenye ukoo.

Fundi wa pili alipovua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, akaniita nitazame. Kuta za silinda zinang'aa, nikadhani ni uzuri. Akaniambia, "Mama, ugonjwa wenyewe ndio huo." Ile mikwaruzo aliyoisema Kipimajoto ilikuwa imefunikwa na utando wa oili iliyoungulia pale, ringi zinateleza juu yake bila kuziba. Pistoni zikatoka tena, kuta zikasuguliwa upya, ringi seti nyingine. Huyu wa pili kabla ya kuwasha aliizungusha injini bila moto mpaka presha ya oili ikapanda. Akawasha, akatazama kama kuna uvujaji, akaingia barabarani siku hiyohiyo na mume wangu pembeni. Akaupanda ule mlima tuliokatazwa. Haijatoa moshi tangu hapo. Fundi wa kwanza mpaka leo anasema tuliiendesha kwa haraka.

Bi Spea
Pole sana mama. "Inajizoesha yenyewe" tuliambiwa hata sisi, neno kwa neno.

Resi Taratibu
Kwa hiyo fundi wangu wa 60 kwa saa nimjibu nini?

Pistoni Nne
Nyie mna mafundi. Mimi nilikuwa na shemeji.

Gari jipya, mita haijafika kilomita 200. Kaka wa mke wangu akaja, akalizunguka, akasema, "Shem, nipe nikalisikilize dakika tano." Mtu wa heshima zake, utamnyimaje? Ikafika saa tatu usiku hajarudi, simu imezimwa. Saa sita mke analia, mimi nimeshapiga hospitali kuuliza kama kuna ajali. Hatukulala.

Asubuhi linaingia getini. Taa za mbele zimejaa wadudu, breki zinanuka, mita imepita 1,100. Na siti ya mbele amekaa dada mmoja mtulivu kabisa anatusalimia, "Shikamooni." Kumbe jamaa alipata taarifa jioni ile kwamba mchumba wake anaposwa na mtu mwingine. Akawasha gari langu, akashika barabara kuu, kanyaga mpaka chini usiku kucha, akaenda kujieleza kwa wazee wa watu, akarudi naye. Alikuwa na uso wa kuniomba pongezi!

Nikalipeleka kupimwa kompresheni, yaani silinda zinavyobana hewa, siku hiyohiyo. Silinda zote nne sawasawa. Miaka imekwenda, oili haipungui. Sasa mke wangu ana gari la aina ileile, alilitunza kwa kitabu tangu siku ya kwanza, taratibu, resi ya kubembeleza, na linaongezwa oili kabla sevisi haijafika. Wataalamu nielezeni.

Bi Spea
Achana na oili. Waliruhusiwa kuoana?

Dereva wa Usiku
Wazee wa mchumba walisemaje??

Kijana wa Pikipiki
Huyo shemeji ndiye fundi. Sisi tuna msemo wetu: ikimbize siku ya kwanza, itakimbia siku zote.

Pistoni Nne
Wameoana, wana watoto wawili. Kila Idi ananikumbusha kwamba injini yangu aliizoesha yeye.

Resi Taratibu
Jamani mada ni injini.

Mama Klachi
Kuoana nako ni kuzoeshana 😂

Fundi Spana
Tusimpe shemeji cheti bado. Sikilizeni.

Kinachoikandamiza ringi ukutani siyo mkunjuko wake peke yake. Gesi ya mlipuko inapita juu ya pistoni, inaingia nyuma ya ringi, inaisukuma nje. Ukikanyaga kidogo sana presha hiyo ni ndogo, ringi inapapasa tu ukuta na oili inabaki pale inaungua. Ndiyo maana injini ya Mama Klachi iliharibika kwa upole. Na ndiyo maana mwendo wa kasi usiku kucha haukuharibu ringi za Pistoni Nne.

Lakini injini siyo ringi tu. Ringi mpya ikipata joto kupita kiasi inatanuka, ncha zake mbili zinakutana, na hapo inachana ukuta. Kuna beringi zinazobeba shafti, kuna difu (gia za kwenye ekseli) yenye meno mapya, kuna gia. Shemeji alikuwa na bahati pia, na magari mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana kwa sababu nyingine kabisa, mfano hilo la mke huenda ni la safari fupi za mjini, halipati moto vizuri.

Ninavyowaambia wateja: injini ikiwa imeshapata moto, kanyaga nusu hadi robo tatu kwa muda mfupi, achia, pumzisha. Badilisha mwendo. Kosa ninaloliona sana ni mtu kubaki gia kubwa kwenye mlima, injini inatetemeka na mizunguko iko chini, eti anaihurumia. Hapo anaiumiza beringi. Shusha gia.

Kijana wa Pikipiki
Umesema kwa maneno marefu kile nilichosema kwa mstari mmoja.

Fundi Spana
Wewe umesema siku ya kwanza. Mimi nimesema ikishapata moto, na siyo mpaka chini. Wenzako wawili wako kwangu na pistoni zilizokwama.

Oili Nyeusi
Mnasahau kubwa kuliko yote. Ikifika kilomita 1,000 mwaga oili ya kiwandani. Ina unga wa chuma. Nikimwaga inameta juani.

Bi Spea
Siyo kila gari. Honda kwenye vitabu vyao wanaandika usibadilishe oili ya kwanza kabla ya wakati wake, wao wanaitaka ibaki humo. Mimi nina ya kwao na nimetii.

Oili Nyeusi
Na unga wa chuma nao wanautaka ubaki?

Bi Spea
Filta ni ya nini?

Fundi Spana
BMW za M, zile zao za mbio, sevisi ya kwanza ni kilomita 2,000, wanamwaga oili ya injini na ya difu. Kiwanda kingine kinakataza. Kwa hiyo gari jipya, kitabu. Injini niliyoifunga mwenyewe ndiyo naimwaga mapema, tena naikata filta nione imekamata nini. Vipande vinavyoonekana kwa macho siyo unga tena, hapo tuna mazungumzo.

Mzee wa Gia
Wenye injini za zamani, zile ambazo kamshafti (shafti inayofungua valvu) inasugua tapeti bapa moja kwa moja, yote haya wekeni pembeni. Ikiwashwa mara ya kwanza ipande palepale mizunguko 2,000 hadi 2,500, dakika ishirini au thelathini, usiiache chini ya hapo hata kidogo. Kamshafti inapata oili ya kurushiwa, na ikizunguka polepole hairushiwi ya kutosha. Na oili iwe yenye zinki. Nimeona kamshafti mpya ikifutika meno kabla gari halijatoka karakana.

Kipimajoto
Hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo kusimama na kuunguruma kunaruhusiwa.

Oili Nyeusi
Kwa hiyo kunaruhusiwa. Asante.

Dereva wa Usiku
Mimi injini haikunisumbua, breki na matairi ndiyo yalitaka kunimaliza. Gari jipya, mvua ya kwanza, kona ya kawaida, likateleza. Tairi jipya linatoka na utando wa kulitoa kwenye kalibu, unahitaji kilomita kadhaa uishe. Breki nazo zitumie kwa upole kilomita 300 za mwanzo ukiweza: punguza mwendo kwa kubonyeza kiasi mara nyingi, zipoe katikati, na zikiwa na moto sana usisimame umeng'ang'ania pedali.

Bi Spea
Hili mleta mada liandike ukutani. Injini ina gharama, breki ni roho.

Mama Klachi
Na wa haibridi? Binti yangu amechukua, injini inajiwasha na kujizima inavyotaka.

Fundi Spana
Ringi ni zilezile. Alitoe gari nje ya mji mara kwa mara, njia yenye milima, injini ifanye kazi muda mrefu ipate moto kamili. La umeme tupu halina ringi, abaki na ushauri wa matairi na breki.

Kijana wa Pikipiki
Swali nje ya mada. Jenereta ya dizeli mpya, nimeambiwa niiwashe wiki nzima bila kuiunganishia kitu, izoee kwanza.

Mama Klachi
USIFANYE.

Fundi Spana
Dizeli bila mzigo ni mbaya kuliko petroli. Mafuta hayaungui yote, eksozi inaanza kulowa weusi na silinda zinapata utando uleule. Ipe dakika chache ipate moto, kisha iunganishie mzigo wa nusu na uongeze. Kama huna vitu vya kutosha tafuta hita na pasi, chochote kinachokula umeme. Oili angalia kila siku kabla ya kuwasha, ikiwa imelala sehemu tambarare.