Jani limegoma kugeuka bluu mbele ya darasa zima, walimu wa Sayansi nisaidieni

Ticha_wa_Igoma:
Kwema wakuu? Nafundisha Sayansi darasa la sita huku Igoma, Mwanza. Maabara hatuna, wanafunzi wanapita 80. Jana nilitaka waone kwa macho kwamba jani linatengeneza wanga. Nikachuma jani la mwembe saa moja asubuhi nikiingia shuleni, nikalichemsha, nikalitia kwenye spiriti, nikadondoshea ayodini, ile dawa inayogeuka bluu nyeusi ikikuta wanga. Likabaki kahawia. Binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo huu mti haujapika?" Darasa zima kicheko. Nilicheka nao, lakini usingizi sikuupata. Nimekosea wapi? Halafu ile spiriti niliichemshia kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, harufu ikajaa darasani mpaka nikaogopa.

ChakiNyeupe:
Huyo binti mpe daftari jipya. Mti kweli ulikuwa haujapika! Wanga wa mchana, usiku unavunjwa kuwa sukari na kusafirishwa kwenda sehemu nyingine za mmea, kwa hiyo saa moja asubuhi ghala liko karibu tupu. Chuma saa nane mchana, jani lililoshinda juani. Na mwembe achana nao, jani lake gumu, lina nta. Tumia matembele.

Kabla ya yote, ijaribu ayodini yenyewe kwenye tonge la ugali. Ugali usipogeuka bluu nyeusi, usililaumu jani.

MamaBaiolojia:
Mwalimu, umeponea chupuchupu. Mvuke wa spiriti unadaka moto hata kabla haijachemka. Chemsha maji, jiko litoke kabisa nje, ndipo utumbukize bilauri ya spiriti na jani ndani ya yale maji ya moto. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji yanatosha. Jani likishapauka litakuwa kavu kama kaukau, ukiligusa tu linavunjika. Lichovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha litandaze kwenye sahani nyeupe.

Mzee_wa_Mwaloni:
Mimi si mwalimu, ila gugumaji limejaa huku ziwani, bure kabisa. Mjukuu wangu aliambiwa mimea ya majini inatoa mapovu ya oksijeni. Si mlitumie hilo?

MamaBaiolojia:
Shikamoo mzee. Gugumaji majani yake yako juu ya maji, oksijeni inaishia hewani, mapovu hamtayaona. Ukikikamua kile kikonyo kilichovimba ndani ya maji yatatoka, lakini hiyo ni hewa iliyohifadhiwa humo ili mmea uelee, na watoto watachanganya mambo mawili. Wakate kikonyo waone sifongo la ndani, hilo ni somo zuri peke yake. Kwa mapovu tafuta majani yanayoota chini ya maji, yaweke kwenye chupa angavu juani. Ila watoto wasiingie ziwani kuyachuma, kichocho kipo. Nenda mwenyewe na buti.

Mzee_wa_Mwaloni:
Marahaba. Kichocho nimeugua mara mbili, sibishi.

ChakiNyeupe:
Mtoa mada, ongeza hili: jioni funika sehemu ya jani, juu na chini, kwa karatasi nyeusi na vibanio, bila kulichuma. Liache juani siku mbili, kisha chuma mchana upime.

Ticha_wa_Igoma:
Mrejesho. Ugali uligeuka mweusi, kumbe ayodini haikuwa na kosa. Karatasi nilizikata umbo la samaki. Leo saa nane na nusu matembele yametii: jani lote bluu nyeusi, katikati sato wa kahawia, mpaka mkia unaonekana. Walisukumana kwenye sahani nusura waimwage. Sasa yule binti anauliza kuhusu maua yale ya uani yenye majani mekundu, kama nayo yanapika. Nimjibu nini?

MamaBaiolojia:
Yanapika. Kijani kinachopika kipo, wekundu umekifunika tu. Mwache apime mwenyewe, ila mwambie asichume asubuhi.