Mayai ya kambale yanageuka meupe, vitoto vinakufa siku ya nne

Bwawani
Wakuu, naomba msaada. Jike la kambale limedungwa homoni na kukamuliwa, mayai yakapakwa kwenye neti, maji nyuzi 24. Asubuhi karibu nusu yalikuwa meupe. Vilivyototolewa vinatulia chini siku tatu, ya nne vinaanza kufa. Chakula ni unga wa dagaa uliochekechwa. Kosa liko kwenye mayai au chakula?

Neti_Kavu
Hayo ni matatizo mawili, mkuu. Yai zima lina rangi ya kijani-kahawia na linapitisha mwanga; jeupe limekufa au halikurutubishwa. Angalia beseni lako kwanza. Beseni, mikono na tumbo la jike vinatakiwa kuwa vikavu kabisa. Tone la maji likiingia mapema, manii yanaamka na kuishiwa nguvu ndani ya dakika moja hivi, na kitundu cha yai kinaziba.

Dume la kambale halikamuliki. Linachinjwa, korodani zinakatwakatwa na kukamuliwa kupitia kitambaa. Ukitaka kuyaongeza manii, tumia maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Changanya na mayai kwa unyoya wa kuku, ndipo uweke maji safi, ukoroge taratibu dakika moja, kisha tandaza mara moja kwa sababu mayai yana gundi. Tabaka moja tu! Yakirundikana, ya chini yanakosa hewa, fangasi wanaanzia kwenye yaliyokufa na kuvamia yaliyo hai.

Bwawani
Asante mkuu. Nyuzi 24 ni tatizo?

Neti_Kavu
Yatatotolewa, ila yatachelewa: karibu saa 30, wakati kwa nyuzi 28 ni kama saa 22. Fangasi wanapata muda zaidi. Baya kuliko hilo ni joto linalopanda mchana na kushuka usiku.

Kiini_Kijani
Niongeze hapo kwenye siku ya nne. Kitoto kinatoka na mfuko wa kiini tumboni. Kinakula huo na kujibanza gizani, kwa hiyo funika tangi. Neti iondoe mara vitoto vikishashuka, pamoja na maganda na mayai yaliyooza, la sivyo maji yanachafuka.

Kiini kikibaki kama theluthi, mdomo umeshafunguka, anza kulisha. Kusubiri kiishe kabisa ni kuchelewa. Unga wa dagaa haufai hapo: tumbo halijakomaa kuumeng'enya, unazama na kuoza. Wape artemia hai (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, jamii ya kamba, vinavyototolewa kutoka mayai makavu) kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku, kwa siku 5 hadi 7, ndipo uanze kuchanganya chakula kikavu kidogo kidogo. Artemia wenyewe totolesha kwenye maji ya chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nyuzi 28, hewa ikipuliza, kama saa 24. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kumwaga, maganda yabaki nje. Wape kidogo, maana kwenye maji yasiyo na chumvi wanakufa baada ya saa chache.